Mlezi naye alipwe

Huku Kyela, msimu wa mpunga mama huwahi shamba, mtoto hubaki kwa mlezi. Mwalimu wa darasa la awali katika shule ya serikali hulipwa mshahara na serikali. Anayelea wa miaka miwili hungoja hela za wazazi. Wakikosa, naye hukosa.

Desemba 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Tunaomba imfikie mlezi: serikali imsomeshe, kisha imwongezee malipo.

Sisi mafundi tunajua: gauni la harusi halikabidhiwi mtu asiyejifunza kukata. Mtoto je? Ni amana. Mabibi harusi, tulisemee hili mapema, inshaAllah.