Usiniulize kabila, nijibu hoja

Tangu M23 waichukue Goma, Januari 2025, hapa Nyarugusu huwezi kusema neno moja la siasa bila kuulizwa, "Kwani wewe ni wa wapi?" Eti hilo ndilo jibu! Ukimlaumu Tshisekedi, wewe Mnyarwanda. Ukiwalaumu waasi, basi unawachukia Watutsi. Maongezi yamekwisha na chai ingali ya moto.

Wazee wetu wanasema dawa ni kunyamaza, siasa tuliiacha ng'ambo ya ziwa. Kwa heshima zote, wazazi wangu, hapana. Tulivuka nayo. Vijana ninaoshinda nao uwanjani hawajanyamaza, wanasengenyana tu, kila mmoja na watu wa kwao.

Na mimi sijifanyi msafi. Mwezi uliopita kijana mmoja Mnyamulenge alisema sheria ya uraia ya 1981 iliwafanya wageni nyumbani kwao, na ile ya 2004, inayotambua makabila yaliyokuwepo nchini wakati wa uhuru, imebaki karatasi. Sikuwa na la kumjibu, ndiyo maana nikamuuliza kwao ni wapi. Wenzangu wakacheka. Yeye akaokota viatu vyake, akaondoka.

Bado nasema M23 hawana haki ya kujifanya wasemaji wake huku wameshika bunduki, na nataka nimwambie hivyo usoni, anipinge akitaka. Lakini mazoezini haji tena. Ninyi mliocheka, Jumamosi twende wote tukamwite.