Tuachieni kichochoro cha pwani

Mama yangu ana goti bovu na mwanangu mdogo ana miaka minne, kwa hiyo mwendo wetu hapa Jambiani ni wa kobe. Tukishasali alasiri tunashuka pwani, tunaelekea kusini, na saa nzima ikipita huenda hata kilomita moja hatujaimaliza. Kila tunayekutana naye anauliza, "Mnakwenda wapi?" Nikijibu "Tunatembea tu," naangaliwa kwa mashaka. Siwalaumu. Kwetu mtu akitembea ana anapokwenda: kwa shangazi, harusini, mazikoni. Ukisema "nimekuja kutembea," mwenyeji wako anainjika chai. Kutoka na watoto bila ya mwenyeji wala kapu tumewaachia wageni, ambao wanapanda ndege kuja kufanya hivyo mbele ya milango yetu.

Nilianza kwa ajili ya goti la mama. Sasa naendelea kwa tamaa yangu mwenyewe, maana pwani mama anasema mambo ambayo barazani hayasemi. Juzi alisimama penye duara la mawe ambalo mimi nimelipita maisha yangu yote. Lilikuwa shimo lake la makumbi. Akamweleza mjukuu wake jinsi makumbi ya nazi yanavyofukiwa kwenye mchanga wa maji na kugandamizwa kwa mawe, yanaachwa miezi mpaka yaoze, kisha yanafukuliwa na kupigwa kwa gongo hadi ubaki usumba wa kusokota kamba. Jirani alikuwa ndiyo kwanza amefukua yake. Mtoto akaziba pua: "Bibi, panaoza!"

"Hiyo ndiyo harufu ya sare ya skuli ya mama yako," mama akamjibu.

Sikuwa nikijua. Nilidhani sare zangu zilitoka kwenye mwani, kwa sababu kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande wetu huu, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na kina mama wote tuliwaona wameinama majini wakifunga mbegu kwenye kamba. Kumbe kabla ya mwani kulikuwa na kamba za usumba, na bei ya mwani ilipoanguka wengine walizirudia.

Lakini matembezi yetu hayaongozwi na mimi wala mama. Yanaongozwa na mwezi. Siku za maji mafu bahari inakupwa jioni, na mchanga unatutosha wote, na ng'ombe wakipita. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa saa nne asubuhi mpaka utadhani bahari imehama. Ikifika saa kumi jioni yamejaa pomoni. Na hiyo saa kumi ndiyo saa ambayo jua limepoa na watoto wamerudi chuoni.

Bamvua iliyopita tulifika penye ukuta wa hoteli moja tukakuta mawimbi yanaupiga. Pa kukanyaga hapakuwapo. Nikawapeleka kwenye kichochoro nilichokuwa nikipita tangu mdogo. Kina geti sasa, na geti lina kufuli. Kijana mlinzi alikuwa na adabu zake: "Shikamoo bibi. Mtaniwia radhi, hapa siku hizi hapapitwi." Mama akaitikia marahaba, tukageuka. Njia nzima hakusema kitu. Tulipofika nyumbani, anavua ndara, akasema, "Pale nilikuwa napita na mwani kichwani."

Mimi si adui wa hoteli. Ndugu yangu anakula kwa kazi ya hotelini, na pweza wa kijiji hiki bila ya jiko la hoteli asingekuwa na bei aliyonayo leo. Ila ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Mwekezaji anakodishwa, haimiliki. Anayekodi chumba hafungi ukumbi. Sidai bustani wala njia ya lami yenye taa. Nataka upana wa mwanamke mwenye furushi la mwani kichwani na mtoto mkononi, kutoka barabarani mpaka majini, usio na geti, kila baada ya viwanja vichache. Na uandikwe kwenye karatasi ya ukodi tangu siku ya kwanza, kwa sababu ukuta ukishasimama hakuna sheha atakayeubomoa.

Kwa hiyo ninyi mnaoweka saini, masheha, wajumbe na wakubwa wa Mjini: kabla ya kiwanja kingine, njooni Jambiani siku ya bamvua, saa kumi jioni, na watoto wenu. Msije na gari mpaka pwani. Jaribuni kupita kwa miguu. Sisi mtatukuta pale penye kufuli.