Maoni: Kampuni za bangi zichague kitambaa kwanza, picha ya jani ifuate

Katika mabalo ya nguo za chagua yanayofunguliwa asubuhi kwenye soko la Kadutu mjini Bukavu, au Virunga mjini Goma, fulana yenye picha ya jani la bangi na jina la duka la Marekani si kitu cha kushangaza. Mara nyingi ni nyepesi, mshono wa ubavuni umejipinda hadi tumboni, na jani lenyewe limepasuka kama udongo wa kiangazi. Mnunuzi haijui kampuni hiyo. Anashika kitambaa kwa vidole viwili, anakunja uso, kisha anaomba kupunguziwa bei.

Hukumu ya vidole hivyo viwili ndiyo ambayo kampuni nyingi hazikuifikiria zilipoagiza fulana zao.

Kwa kampuni hizo, fulana si zawadi ndogo ya kumfurahisha mteja. Jimbo la Colorado lilifungua maduka ya bangi ya starehe tarehe 1 Januari 2014, lakini sheria ya shirikisho ya Marekani haikuifuata njia hiyo. Bangi ya dukani hairuhusiwi kuvuka kutoka jimbo moja kwenda jingine, jina lake halisajiliwi kitaifa kama alama ya biashara ya bangi, na mitandao mikubwa inabana matangazo yake. Fulana haina vizuizi hivyo. Inasafiri popote, jina linaweza kusajiliwa kwa ajili ya nguo, na anayeivaa anatangaza bila kulipwa. Kwa wengi ambao hawatafika dukani kamwe, fulana ndiyo kampuni.

Hata hivyo, makosa ni yale yale. Fedha zinamwagwa kwa mchoraji wa nembo, kitambaa kinachaguliwa kwa bei ya chini kuliko zote.

Pamba za fulana hazilingani. Ile ya bei rahisi husokotwa kwa nyuzi fupi ambazo hazikuchanwa vizuri. Inakwaruza, inatoa vinyweleo, na wino haukai sawasawa juu yake. Pamba iliyochanwa na kusokotwa kwa makini ina uso laini unaopokea picha hata yenye mistari membamba. Uzito nao una neno lake: gramu 140 kwa mita ya mraba ni fulana ya tukio la siku moja, gramu 180 na kuendelea ni fulana ya miaka. Poliesta haikunjiki na inakauka haraka, lakini inabana jasho, na rangi yake ikipata joto la mashine ya kuchapa inaweza kupanda juu ya wino. Ndivyo jani jeupe kwenye fulana nyekundu linavyogeuka la waridi.

Kuna jambo lingine ambalo kampuni hizi haziwezi kulikwepa. Mmea wanaoutukuza una nyuzi. Hempu, yaani bangi isiyolevya, ilivaliwa na watu karne nyingi kabla ya poliesta kuzaliwa. Marekani yenyewe iliruhusu kilimo chake kitaifa mwaka 2018, mradi kilevi chake cha THC kisizidi asilimia 0.3. Ni nguo imara, inapitisha hewa, na inazidi kulainika kila inapofuliwa. Mmea wake huhitaji maji machache kuliko pamba, wakati shirika la WWF limekuwa likitaja lita 2,700 za maji kwa fulana moja tu ya pamba. Kampuni inayohubiri kwamba mmea huu utaokoa dunia, huku ikichapa ujumbe huo juu ya plastiki, inajikana yenyewe kifuani.

Watetezi wa bei ndogo watasema hempu ni ghali, na tupu ni ngumu mwilini. Ni kweli. Ndiyo maana viwanda huichanganya na pamba, mara nyingi asilimia 55 ya hempu kwa 45 ya pamba, na mkoba ukiwa mdogo, pamba nzuri peke yake inatosha. Jawabu la ughali ni kuagiza chache. Fulana mia moja zinazovaliwa miaka mitano zinatangaza kuliko elfu moja zinazogeuzwa matambara baada ya miezi mitatu. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Bei ya chini pia ina mtu anayeilipa. Jengo la Rana Plaza lilipoanguka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013, zaidi ya watu 1,100 walikufa, wengi wao wakishona nguo za bei nafuu. Tangu Juni 2022, Marekani inazuia bidhaa za Xinjiang, pamba ikiwemo, kwa sababu ya kazi ya kulazimishwa. Mkongomani haelezwi maana ya maneno hayo: babu zake walilimishwa pamba kwa lazima na Wabelgiji, na mashine za kiwanda cha Filtisaf huko Kalemie zilinyamaza zamani. Leo anavaa kilichobaki kwa wengine.

Hapo ndipo picha yenyewe inapokuwa swali. Sheria ya Canada, iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, inakataza jina la kampuni ya bangi kuwekwa kwenye vitu vinavyohusishwa na vijana wadogo au vinavyoweza kuwavutia. Lakini balo la nguo halisomi sheria ya Canada. Fulana ya mtu mzima wa Denver inaweza kuishia kwa mwanafunzi wa Bukavu, katika nchi ambako bangi ni kosa, na anayeulizwa barabarani ni yeye, si mwenye duka.

Nembo ndogo, isiyo na jani, juu ya kitambaa kizuri, inaitambulisha kampuni bila kumponza mvaaji wa pili. Anayeagiza fulana leo anamchagulia nguo mtu asiyemjua, na mtu huyo ataipima kwa vidole viwili.