KARATASI YA SIKU YA PILI SI JIBU



Mama mmoja mfagiaji, mkaaji wa hapa Walukuba, alichomwa na sindano iliyotupwa ovyo katika takataka za zahanati ya mtu binafsi anakofanya kazi. Kesho yake msimamizi alimpeleka kupimwa virusi vya UKIMWI. Jibu likatoka: hana. Akaambiwa amshukuru Mungu, arudi kwenye ufagio. Siku ya tano akanijia na karatasi mkononi. "Ndugu katibu, mimi ni mzima, tazama." Nilikosa la kumwambia.

Mimi niliishia darasa la saba, si daktari, lakini wauguzi wamenieleza mara nyingi hata nimeshika. Kipimo cha tone la damu ya kidole hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili huwatengeneza ili kupigana navyo, na mwili hauandai jeshi kwa usiku mmoja. Kwa watu wengi askari hao huonekana baada ya majuma machache, lakini ili kuwa na hakika lazima miezi mitatu ipite tangu siku ya hatari. Kipimo hakikudanganya, kiliulizwa mapema mno.

Kituo cha AIC kilipofunguliwa Kampala mwaka 1990, mtu alingojea jibu majuma mawili. Leo hutoka kabla chai haijapoa, na upesi huo umetufanya tudhani mwili nao una haraka.

Hata hivyo karatasi ile isitupwe. Siku ya kudai fidia ndiyo shahidi kwamba wakati wa ajali virusi havikuonekana. Aitunze kama hati ya shamba.

Kosa kubwa ni lingine. Viko vidonge vya kuzuia virusi visishike mwilini. Huanzwa saa zile zile ikiwezekana, wala zisipite saa 72, kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Alipopewa karatasi, nafasi hiyo alikuwa nayo bado. Aliponijia ilikuwa imekwisha. Nani alimwambia? Hakuna. Sasa imebaki kungoja, na yeye na mumewe kutumia kondomu mpaka jibu la kweli.

Chama chetu kikikaa mezani na matajiri, kidai hivi: ajali ya sindano iandikwe papo hapo, na aliyechomwa apelekwe kwenye vidonge kabla zamu haijaisha. Tena siku ya kurudi kupimwa ilipwe kama siku ya kazi, maana kibarua akikatwa posho harudi. Na jibu ni lake mwenyewe. Sheria ya kazi ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya virusi, ingawa wasimamizi wengine husema hawajaisikia.

Mama yule bado anahesabu siku. Zamu yake ya kurudi kupimwa ni mwezi ujao, na msimamizi amekwisha kumwambia kwamba siku hiyo hakuna mtu wa kumshikia ufagio.