Mihadhara ya usalama wa data: Onyo lililosubiri miaka minane

DESEMBA 28, 2011, jijini Berlin, Ujerumani, wataalamu wawili wa kompyuta, Alexander Klink na Julian Wälde, walipanda jukwaani katika mkutano wa mwaka wa Chaos Computer Club. Walionyesha jinsi mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida anavyoweza kuilemea seva ya tovuti bila kuiba nywila ya mtu yeyote. Kesho yake kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura ya mfumo wake wa ASP.NET, bila kusubiri ratiba yake ya kila mwezi.

Haraka hiyo ilistahili sifa. Hata hivyo, jambo lenyewe halikuwa geni. Agosti 2003, Scott Crosby na Dan Wallach wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walikwishalieleza katika kongamano la usalama wa kompyuta la USENIX mjini Washington. Swali ni kwa nini onyo la wasomi hao halikutosha.

Kiini cha tatizo ni algoriti, yaani kanuni ya ukokotoaji, inayotumika kupanga maneno. Programu inapopokea maneno kutoka katika fomu ya tovuti, huzipigia hesabu herufi za kila neno ili ipate namba ya kisanduku cha kulihifadhia, mfano wa karani wa posta anayegawa barua katika masanduku. Barua zikitawanyika, kazi huwa nyepesi. Lakini kanuni hiyo ikijulikana, adui anaweza kutunga maneno 10,000 tofauti ambayo yote huangukia kisanduku kimoja. Hapo kila neno jipya hulinganishwa na yote yaliyolitangulia, na kompyuta hulazimika kufanya ulinganisho unaokaribia milioni 50 kwa ombi moja tu.

Crosby na Wallach hawakuishia kwenye nadharia. Waliijaribu Bro, programu ya kugundua uvamizi wa mitandao, kwa kuipelekea data kwa kasi ndogo kuliko ya modemu ya simu. Baada ya dakika sita, mlinzi huyo alikuwa akiyaacha yapite bila kukaguliwa mawasiliano yanayofikia asilimia 71. Tiba nayo waliitaja: kutumia kanuni ambazo adui hawezi kuzikisia.

Watunzi wa lugha ya programu ya Perl walisikia, wakairekebisha mwaka huohuo. PHP, Python na Java ziliendelea na kanuni zinazokisika hadi zilipotajwa kwa majina mjini Berlin.

Wapo wanaodai kwamba mihadhara ya wazi huwafunza wahalifu. Hoja hiyo ina uzito wake, na ndiyo maana ni desturi njema kuzitaarifu kampuni husika kabla ya kupanda jukwaani. Lakini katika suala hili, andiko la mwaka 2003 lilikuwa wazi kwa kila mtu. Mwenye nia mbaya aliweza kulisoma wakati wowote. Waliochelewa kulifanyia kazi ni wale waliokabidhiwa ulinzi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tofauti ya mihadhara hiyo miwili haikuwa katika elimu iliyotolewa. Ule wa kwanza ulieleza kanuni na mifano michache. Wa pili ulionyesha bidhaa ambazo mamilioni ya tovuti zilizitegemea siku hiyo.

Mwaka 2012, Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein walibuni SipHash, kanuni inayochanganya herufi na ufunguo wa siri. Mwishoni mwa mwaka huo walionyesha mjini Hamburg kwamba baadhi ya marekebisho yaliyofanywa kwa pupa bado yalivunjika. Python iliipokea SipHash mwaka 2014, miaka 11 baada ya onyo la Washington. Katika miaka hiyo yote tiba ilikuwa imekwishaandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuitoa ukumbini na kuifikisha kwenye seva.