Silaha Yenye Ila na Wajibu wa Aliyeiunda

Katika nchi ya Marekani, ambako raia hununua bastola na bunduki kwa wepesi ambao wengi wetu hatukuuzoea, iko kanuni moja ndogo isiyotajwa sana na wanaoipenda silaha wala na wanaoichukia, nayo ni ile inayomruhusu mtu asiye na leseni yoyote ya biashara kuifunga silaha yake katika sanduku, kuivusha mipaka ya majimbo na kuipeleka kwenye kiwanda kilichoiunda ili itengenezwe, kisha arudishiwe nyumbani kwake minghairi ya kupitia kwa muuza duka wala kuchunguzwa upya kama mnunuzi mgeni. Naiona kanuni hiyo kuwa ni ya insafu. Walakini naiona vilevile kuwa ni nusu ya haki, kwa sababu imemfungulia njia mwenye silaha, ilhali haikumlazimisha aliyeiunda kumwita.

Asili yake ni msiba. Mwezi wa Novemba 1963 Rais John F. Kennedy aliuawa mjini Dallas kwa bunduki ambayo Lee Harvey Oswald aliiagiza kwa barua, kwa jina la uongo, kutoka duka la Klein's la Chicago, akaipokea kwa posta kwa jumla ya dola 21.45 pamoja na nauli yake. Na mwaka 1968, Martin Luther King alipouawa mwezi wa Aprili na Robert Kennedy mwezi wa Juni, Kongresi ilishindwa kuendelea kusitasita. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson tarehe 22 Oktoba mwaka huo iliikomesha biashara ya kumpelekea raia bunduki kwa posta kutoka jimbo jingine, kana kwamba ni saa ya ukutani. Hata hivyo waliotunga sheria walitambua kwamba chombo cha chuma huchakaa na kuvunjika, na kwamba mafundi wanaokijua vyema aghalabu ni wale waliokiunda, wakaitoa safari ya matengenezo katika marufuku hayo: silaha inaweza kwenda kwa mwenye leseni ya kuunda au kutengeneza, na ama hiyo yenyewe, ama nyingine ya aina ile ile badala yake, ikarudi kwa mwenyewe. Majimbo kadhaa huongeza masharti yao juu ya hayo.

Haki iliyoandikwa, lakini, haibebi sanduku. Sheria ya mwaka 1927 iliwakataza raia wa kawaida kutia katika posta ya serikali bastola na silaha nyingine zinazofichika nguoni, ikaziacha bunduki ndefu zipite. Kwa hiyo wenye bastola walizitegemea kampuni binafsi za uchukuzi. Mnamo mwaka 2022 kampuni mbili kubwa, UPS na FedEx, zilikaza masharti yao hata zikawa hazipokei tena silaha kutoka kwa mtu asiye na leseni anayekuja kwa niaba ya nafsi yake. Tangu hapo mwenye bastola mbovu amebakiwa na milango miwili: amwendee muuza silaha mwenye leseni, amlipe ujira wake ampelekee, au akiombe kiwanda kimletee kibandiko cha usafirishaji kilichokwisha kulipiwa. Lile ambalo sheria ilimpa kuwa ni haki yake, sasa hulipata kwa hisani ya kiwanda au kwa fedha yake mwenyewe.

Adabu za safari hiyo zinajulikana. Silaha hutolewa risasi na kukaguliwa mara ya pili, risasi hazitiwi katika sanduku hilo, namba ya silaha huandikwa na kuhifadhiwa nyumbani, barua ya kueleza ila huwekwa ndani, na nje ya sanduku hapaandikwi neno lolote la kumwamsha mwizi. Na katika hili la mwisho sheria imekuwa na hadhari ya kupendeza, maana imemkataza mchukuzi kudai alama ya nje inayotangaza kwamba ndani mna silaha. (Kwetu Afrika ya Mashariki, ambako leseni humtaja mtu pamoja na silaha yake na fundi naye hutakiwa kutambuliwa na serikali, silaha kusafiri peke yake katika sanduku ni jambo litakalomshangaza afisa yeyote wa polisi, nami sidhani kwamba ashangaaye atakuwa na kosa.)

Jinsi njia hii inavyoweza kutumika kwa heshima hudhihirika katika habari ya kampuni ya Sturm, Ruger. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1972 kampuni hiyo iliunda bastola za silinda kwa mtindo wa kale wa wachunga ng'ombe, ambazo nyundo yake ikishushwa hulala juu ya pini, na pini ikaielekea risasi iliyo mbele yake, hata bastola ikianguka kwa nyundo juu ya jiwe inaweza kulia bila ya kidole cha mtu kugusa kifyatulio. Wazee wa mtindo huo waliijua hatari, wakawa na desturi ya kutia risasi tano katika silinda ya matundu sita na kuliacha tupu tundu lililo chini ya nyundo. Lakini desturi hufuatwa na anayeijua, si na mtu aliyerithi bastola kutoka kwa mjomba wake bila ya kurithi na maneno. Mwaka 1973 Ruger ilitoa mtindo mpya wenye kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu kifyatulio kinapovutwa, na mwaka 1982 ikatangaza kwamba mwenye bastola yoyote ya mtindo wa zamani airudishe kiwandani itiwe kipande hicho bure. Ahadi hiyo imeendelea kwa miongo kadhaa. Bastola hurudi imetengenezwa, na katika mfuko mdogo hurudishwa vile vyuma vya zamani vilivyotolewa, kwa kuwa wako wanaothamini silaha ya kale kwa ukamilifu wa asili yake, na kiwanda hakikutaka mtu aikatae salama kwa kuogopa kupoteza thamani.

Nasifu jambo hilo kwa moyo wote, na papo hapo nauliza: lau Ruger isingetaka, nani angeiamuru? Jibu ni kwamba hakuna. Sheria ya mwaka 1972 iliyounda tume ya serikali ya Marekani ya kulinda usalama wa bidhaa za watumiaji iliziondoa silaha za moto katika mamlaka ya tume hiyo. Tume inaweza kuamuru kirudishwe kiti cha mtoto, pasi, au bunduki ya kuchezea. Mwaka 2001 iliishitaki kampuni ya Daisy kwa ajili ya bunduki zake za upepo, zinazorusha vigololi. Ikiwa ni bunduki ya baruti, yenye kuua kwa mwendo wa mita mia kadhaa, tume hunyamaza. Akili ya kutunga mambo hivi sijaifahamu, ila nikumbuke nguvu ya waliokuwa na maslahi.

Basi mwito wa kurudisha hubaki katika hiari ya muundaji, naye huupima kwa mizani yake. Mwaka 2017, baada ya majaribio kuonyesha kwamba bastola ya P320 ya kampuni ya Sig Sauer inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani, kampuni ilitangaza mpango wa hiari wa kuzipokea bastola hizo na kuziboresha kwa gharama yake. Waliosikia na kutaka walipeleka. Na wasiosikia? Silaha huuzwa mkono kwa mkono. Mnunuzi wa tatu jina lake halimo katika daftari la kiwanda, na sheria ya mwaka 1986 imeikataza serikali ya shirikisho kuweka daftari la jumla la wenye silaha, hivyo hakuna ofisi inayoweza kumwandikia barua. Maadamu mambo yako hivyo, tangazo la ila lingepasa kupigiwa mbiu zaidi kuliko la gari bovu, kwani gari walau lina namba ya usajili.

Wapo watakaonijibu kwamba mahakama zipo, na kwamba hata ile sheria ya mwaka 2005 iliyowakinga waundaji na mashitaka mengi haikuwakinga na madai ya ila ya kiufundi. Ni kweli, lakini tazama mwendo wake. Bunduki ya Remington 700 ilianza kuuzwa mwaka 1962, malalamiko juu ya kifyatulio chake yakaendelea kwa miongo, na suluhu kubwa ya mahakamani, ambayo kampuni iliikubali pasipo kukiri kosa, ilithibitishwa mwaka 2017. Wenye bunduki zilizohusika walikuwa mamilioni, na waliojitokeza kudai walikuwa sehemu ndogo mno. Mwaka 2018 Remington ikaomba hifadhi ya muflisi, na mwaka 2020 mara ya pili, mali yake ikauzwa vipande vipande kwa wanunuzi mbalimbali.

Ninalolitaka si kubwa: ile kinga ya mwaka 1972 ifutwe, tume ipewe uwezo wa kuamuru mwito, muundaji alipe nauli ya kwenda na ya kurudi, tangazo libandikwe katika kila duka lenye leseni ya kuuza silaha, na anunuaye jina la kiwanda kilichofilisika anunue na deni lake la kutengeneza.