Mgongo wazi si laana ya kabila: tuangalie unga tunaokula

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, huku kwetu maneno yanaanza: ni laana, ni uchawi, ni ukoo wa mama yake, ni kabila lao. Mimi nasema tuache hayo, tuangalie yaliyotokea Marekani.

Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 za kwanza za mimba, wakati mama mara nyingi hajajua kama amebeba. Vitamini inayoitwa asidi foliki inapunguza sana hatari ya kutojifunga. Kwa hiyo tangu 1998 Marekani inalazimisha viwanda kuitia katika unga wa ngano na nafaka nyingine, na watoto wenye mgongo wazi walipungua.

Lakini familia zenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati zinakula sana mikate ya unga wa mahindi unaoitwa masa. Unga huo uliachwa nje. Ni mwaka 2016 tu viwanda viliruhusiwa kuutia vitamini, tena kwa hiari. Akina mama wa jamii hizo wameendelea kuzaa watoto wenye mgongo wazi kuliko jamii nyingine za huko. Jimbo la California limeamua kulazimisha kuanzia Januari 2026. Urithi una sehemu yake, sikatai. Lakini damu haibadilishwi, unga unabadilishwa.

Na sisi je? Bugali yetu ni ya muhogo au mahindi, tunayosaga kwenye mashine ya mtaani. Hakuna anayetia vitamini pale. Vidonge tunapewa CPN, na wengi wetu tunafika CPN mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Siku 28 zimeshapita zamani! Mama aliyekimbia vita, anayelala chini ya hema, atavipata wapi mapema?

Tusisahau vijana walio nao tayari. Kijana mwenye mgongo wazi mara nyingi anahitaji kutolewa mkojo kwa mrija safi mara kadhaa kwa siku, la sivyo figo zinaharibika. Mzazi akielezwa kwa Kifaransa asichokielewa, atarudi nyumbani bila kujua kitu. Mtoto atanuka mkojo, wenzake watamcheka, ataacha masomo.

Ninaomba mambo matatu. Wanaogawa chakula kwa wahami wahakikishe unga una vitamini hiyo. Vituo vya afya viwape wanawake vidonge kabla ya mimba, na vifundishe wazazi kwa lugha wanayoisema. Na sisi majirani tufunge midomo. Mama huyo hakulaaniwa. Huenda alikosa kidonge kidogo kwa wakati wake, na hakuna aliyemwambia.